Pampu ndogo ya mkononi ya baiskeli: nimeijaribu kwa kilomita 120 peke yangu

Niliifunga kwenye fremu nikatoka alfajiri. Viunga vya mji vilipita salama. Pancha ilinisubiri kilomita ya 74, barabara ya vumbi, mwiba mwembamba kama sindano. Hapo ndipo nilipoijua pampu hii. Nilisukuma zaidi ya mara 200, mkono ukawaka moto, na tairi likafika PSI 50 tu hivi (PSI ni kipimo cha shinikizo la hewa). Linaendesheka, ila si gumu nilivyozoea. Silinda hupata joto, kawaida ya hewa ikibanwa. Kinachoniudhi ni kichwa chake: kinabana vali moja kwa moja, ukiyumba kidogo unaipinda. Heri ingekuwa na mpira mfupi wa kuunganishia. Uzito? Huusikii kabisa. Nitaendelea kuibeba, pamoja na tyubu ya akiba.