FreeMoCap: miguu safi, kiuno je?

Karibuni tena, wadau wa animesheni. Leo sina utangulizi, maana kitu hiki kimenikosha na kuniudhi kwa pamoja. FreeMoCap ni programu ya bure ya kunasa mienendo ya mwili, inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, hupandishi video popote, bando lako liko salama. Unacheza mbele ya kamera, inasoma mwili wako fremu kwa fremu, mwisho inakupa faili la Blender, ile programu ya kutengeneza katuni za 3D. Habari za kuiweka kwenye kompyuta nazipita.

Nimefunga kamera tatu za kawaida. Kwanza napitisha ubao huu wa miraba myeusi na myeupe, nimechapisha steshenari, ili programu ijue kila kamera imekaa wapi. Msiruke hatua hii! Kamera moja inakisia tu kama mkono uko mbele ya kifua au nyuma. Zikiwa tatu, inapiga hesabu. Ona unyayo: kisigino kinatua, vidole vinafuata, wala hauserereki. Raha tupu!

Haya, kiuno sasa. Nacheza sindimba, mimi kushoto, katuni kulia. Mimi nazungusha... mwenzangu anayumba kama mlango uliopigwa na upepo. Narudisha nyuma, taratibu. Simamisha hapo! Nyonga zangu zimekwenda, mgongo umejikunja. Wake? Umenyooka kabisa. Kisa ni hiki: kazi ya kutambua mwili inafanywa na MediaPipe, programu ya Google iliyo ndani ya FreeMoCap, inayoweka alama 33 mwilini. Kumi na moja ziko usoni. Uti wa mgongo hauna hata moja! Kuna mabega mawili, nyonga mbili, basi. Katikati panajazwa kwa makadirio. Na ngoma zetu nyingi utamu wake uko hapo hapo katikati, jamani!

Najua mtaandika, nunua suti ya vihisi, ile unayoivaa ikapima mwendo wa mwili. Rokoko Smartsuit Pro inapita dola 1,000, bado hujalipa usafiri na ushuru. Kwa katuni za kutembea, kupigana, kukimbia, mimi nabaki na hii ya bure bila kusita. Kwa ngoma pia nabaki nayo, ila kiuno nakichora mwenyewe Blender.

Video ya kukichora inatoka Ijumaa, bonyeza kengele. Na mchezaji wa chakacha aliye tayari kucheza mbele ya kamera tatu aniandikie hapo chini, nataka tuijaribu pamoja.