Posti yako inalala wapi? Miezi minane ya kupanga matangazo kwa laptopu, hapa Dodoma

Laptopu yangu ni ya mtumba, niliinunua shilingi 350,000. RAM ni gigabaiti 4, na betri ilishakufa, waya ukichomoka nayo inazima palepale. Naanza na hilo ili ujue haya yote nimeyapitia kwenye mashine ya aina gani. Mwenye mashine nzuri huenda akaona mengine.

Nina chumba cha stesheneri Ng'ong'ona, njia ya wanafunzi wa UDOM. Kuchapa, kutoa kopi, kubaindi. Pembeni ya hapo naendesha peji za watu watatu. Shangazi yangu analima zabibu Hombolo. Kuna kaka mmoja dalali wa viwanja, na tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, Dodoma kila kona ina dalali mwenye posti mpya kila baada ya chakula. Wa tatu ni dada mwenye saluni Area C. Ukihesabu zinakuwa Instagram tatu, Facebook tatu, TikTok moja ya dalali, halafu na zangu mwenyewe: chaneli ya Telegram ya wanafunzi na WhatsApp Business ya stesheneri. Zote zilikuwa kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Siku nilipokubali kwamba simu imenishinda ni ile niliyoposti kiwanja cha Nzuguni kwenye peji ya saluni. Mita za mraba 600, maji yapo, umeme upo. Dada mmoja akaandika chini yake: "Na kusuka hapo kiwanjani ni shilingi ngapi?" Mwenye saluni alicheka. Dalali hakucheka.

Nilianza na zile programu zinazokusanya akaunti zote kwenye dirisha moja. Zipo kadhaa, kama Franz, Rambox na Ferdium. Unaisakinisha, kisha pembeni mwa kioo vinajipanga vitufe vya WhatsApp, Telegram, Messenger na kadhalika, unaruka kutoka akaunti moja hadi nyingine bila kuandika nywila upya kila saa. Wazo ni tamu. Ila programu hizi zimejengwa juu ya Electron, maana yake ndani mwake mna kivinjari kizima cha Chromium, na kila huduma unayoongeza ni sawa na kufungua ukurasa mwingine ambao haufungwi. Kwenye gigabaiti 4, ambazo Windows yenyewe imeshajimegea fungu lake, nilipofika huduma ya tano feni ilianza kulia kama mashine ya kusaga. Mwanafunzi kasimama anasubiri ripoti yake ya fildi kurasa 40, na mimi nimekodoa macho kwenye duara linalozunguka. Wiki ya pili niliiondoa. Kosa lilikuwa la laptopu yangu. Wenye gigabaiti 8 na kuendelea waijaribu tu.

Hata hivyo kuna swali nililopaswa kuuliza kabla sijamaliza bando kupakua. Programu ya namna ile inapanga madirisha. Kupanga muda wa posti kutoka si kazi yake, na mimi hasa nilitaka nikae Jumapili jioni mara moja, niandike ya wiki nzima, nifunge.

Kwa hiyo nikahamia Meta Business Suite, ya wenye Facebook na Instagram, na Buffer, ambazo kazi yake ni kupanga posti zitoke lini. Zote mbili nazifungua kwa kivinjari, lakini Chrome inakuruhusu kuusakinisha ukurasa kama programu, ukapata kitufe chake kwenye desktopu na dirisha lake peke yake, na mashine hailemewi. Meta Business Suite ni ya bure. Nimeweka humo peji za shangazi na za saluni, maana unaandika mara moja, unachagua Facebook na Instagram kwa pamoja, unaweka siku na saa. Kuna kalenda inayokuonyesha wiki nzima, na nilipoiona kwa mara ya kwanza niligundua kuwa saluni ilikuwa inaposti Jumatatu mara nne halafu kimya mpaka Ijumaa. Kwenye simu nisingeliona hilo hata kwa mwaka. Meseji za inboksi na komenti nazo zinaingia sehemu moja, kwa hiyo wale wa "bei inboksi" wanajibiwa wote pamoja.

Buffer nimemwachia dalali, kwa sababu ana Instagram, Facebook na TikTok, na mpango wa bure wa Buffer unaruhusu akaunti tatu, kila moja ikiwa na posti kumi kwenye foleni. Unamtosha kabisa. Sijalipia chochote mpaka leo na sina mpango huo karibuni, malipo ni ya dola kila mwezi na wateja wangu wananilipa kwa zabibu. Ila vya bure navyo havina mkataba. Hootsuite, huduma nyingine ya kupanga posti, walikuwa na mpango wa bure kwa miaka, wakaufuta mwaka 2023. TweetDeck, ambayo ilianza mwaka 2008 kama programu ya kusakinisha kwenye kompyuta na ndiyo iliyozoesha watu kutazama akaunti zao kwa safu safu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2011, na mwaka huohuo wa 2023 ikageuzwa kuwa ya wanaolipa tu. Ndiyo maana maandishi yangu yote nayaandika kwanza kwenye Excel, halafu nanakili. Buffer wakibadili mawazo kesho, maneno yangu ninayo.

Excel hiyo nayo ilinitia aibu. Nilikuwa nimeandika saa zetu: saluni 2:00 usiku, viwanja 1:30 usiku. Nikasafiri kwenda msibani Kondoa, nikamwachia mpwa wangu kazi ya kuziingiza. Mtoto mwenye akili, kaona "2:00 usiku", kachagua 2:00 AM. Tangazo la "Karibuni jioni hii tuwasuke" likatoka saa nane za usiku, Area C yote imelala. Muuguzi mmoja aliyekuwa zamu ndiye pekee aliyejibu, akaomba nafasi ya Jumamosi, na akaja kweli. Tangu hapo kwenye Excel naandika 20:00. Nawe ukifungua akaunti, nenda kwenye mipangilio uangalie saa za eneo. Laptopu za mtumba nyingi zinakuja na majira ya zilikotoka, mtu anarekebisha mishale tu na kuacha eneo lilelile, halafu anashangaa posti inatoka alfajiri.

Sasa nije kwenye usiku ulionifundisha kuliko yote.

Ilikuwa Alhamisi. Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimepanga vitu vinne vitoke saa mbili usiku: posti ya saluni kupitia Meta Business Suite, kiwanja cha Iyumbu kupitia Buffer, tangazo la bei za kubaindi kwenye Telegram, na ujumbe wa WhatsApp kwa wateja wa stesheneri. Huo wa WhatsApp niliupanga kwa kiprogramu fulani cha kubandika kwenye kivinjari kinachoahidi kutuma meseji zako muda unaotaka. Laptopu imezima, simu ina chaji asilimia 12, mimi nimekaa mlangoni na upepo wa Dodoma unanijaza vumbi, najua kazi yote imekwenda na maji.

Saa mbili na dakika kama tatu nikachungulia kwenye simu. Saluni imetoka. Kiwanja kimetoka, na mtu kashauliza kama bei inapungua. Telegram imetoka. WhatsApp, kimya. Umeme uliporudi saa nne nilikuta ujumbe wangu uko palepale nilipouacha. Umelala na laptopu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukibonyeza kitufe cha kupanga kwenye Meta, Buffer au Telegram, picha na maneno yako vinaondoka saa ileile na kwenda kukaa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao zinazowaka muda wote. Kompyuta yako ikizima, ikiibiwa, ikimwagiwa chai, posti itatoka. Kile kiprogramu cha WhatsApp hakina seva yoyote ya kuhifadhi ujumbe wangu. Kilichokuwa kinafanya ni kubonyeza vitufe kwa niaba yangu, kwa hiyo kinataka kompyuta iwe inawaka, intaneti ipo na ukurasa wa WhatsApp uko wazi. Kwa mtu mwenye betri kama yangu, hicho ni kengele tu ya kumwamsha mtu ambaye hayupo. Kibaya zaidi, masharti ya WhatsApp yanakataza kutuma meseji kwa mitambo ya namna hiyo, na namba inaweza kufungiwa. Namba yangu imeandikwa kwa rangi ukutani mwa stesheneri. Nilikifuta usiku uleule.

Telegram Desktop kwenye hili ndiyo iliyonifurahisha zaidi, na haisifiwi inavyostahili. Ni programu ya kusakinisha kweli, nyepesi, na kupanga muda unabofya kulia kitufe cha kutuma, basi. WhatsApp Desktop naitumia kila siku pia, ila kwa kujibu tu. Toleo la Business lina majibu ya haraka: naandika mkwaju (/) na neno bei, orodha nzima ya kopi, rangi na kubaindi inajitokeza. Na simu ikizima chaji laptopu inaendelea kupokea, mradi simu yenyewe isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika. Stetasi bado naiweka kwa mkono, kwa simu.

Faida kubwa niliyoipata, nikisema ukweli, haikutoka kwenye programu hata moja kati ya hizi. Ni majina ya picha. Dalali ananitumia picha 30 kwa siku, ukizishusha kwenye laptopu zote zinaitwa WhatsApp Image, tarehe, saa. Viwanja vya Dodoma, naomba wenyeji mnisamehe, kwenye picha vyote ni udongo mwekundu na mti mmoja wa miiba. Sasa kabla sijafanya lolote nabadili jina: iyumbu-600-hati, nzuguni-450-kona. Mafaili yanakaa kwa mtaa, na kilichouzwa kinahamia kwenye folda ya Kimeuzwa. Nimemwomba pia atume picha kama dokumenti, maana WhatsApp inazipunguza ubora na Instagram inazipunguza tena, mwisho mteja anaona ukungu.

Folda ya Kimeuzwa ilizaliwa kwa hasira. Nilishapanga posti za wiki nzima, kiwanja kimojawapo kikauzwa Jumanne, na hakuna aliyeniambia. Alhamisi posti ikatoka kama ilivyoagizwa. Ijumaa dalali akanipigia: "Dada, watu sita wamenipigia kuhusu kiwanja ambacho mwenyewe ameshamwaga mawe ya msingi! Wananiita tapeli!" Nikamwambia kaka yangu, mashine haijui umeuza. Siku hizi viwanja napanga siku mbili mbele, si zaidi, na kila asubuhi ananitumia neno moja tu, "vipo" au jina la kilichokwenda.

Saluni ilikuwa mbaya zaidi. Dada alifiwa na mama yake usiku, na asubuhi saa tatu, watu wako matanga, peji yake ikatoa video ya wasichana wanacheza na maneno "Leo ni siku ya kupendeza!" Niliiona baada ya nusu saa. Aliniambia yamepita, na naamini alimaanisha, ila nywila za kila akaunti sasa ziko pia kwa mpwa wangu, na kitu cha kwanza tunachofanya mteja akipata msiba ni kusimamisha foleni.

Bando nalo. Video ya megabaiti 50 kutoka kwa dalali naishusha, kisha naipandisha, tayari ni megabaiti 100. Kama unatumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya intaneti ya Windows uiambie kuwa muunganisho huu unalipiwa kwa kiasi, la sivyo inaweza kuanza kujisasisha katikati ya kazi na bando la wiki likaondoka na mchana.

Mwenye peji moja asijisumbue na haya, simu inamtosha. Zikifika tatu, anza na Meta Business Suite. Mwenye biashara ambayo bidhaa yake ni moja tu na ikiuzwa imekwisha, kama dalali wangu, apange kidogo kidogo. Zabibu ndizo zinazofaa kabisa, kwani huvunwa mara mbili kwa mwaka na shangazi anajua mapema. Posti zake naanza kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na Wagogo walioko Dar hawapiti bila kujibu.

Au nilidhani zinafaa kabisa. Nimeacha kuandika hapa dakika kumi kupokea simu ya shangazi. Anasema, "Mwanangu, usitangaze kwanza, ndege wameingia shambani." Kwenye kalenda kuna posti tatu za Jumamosi, zote zinasema zabibu zipo za kutosha. Umeme upo, naenda kuzitoa.