Projekta ya 11,500 hapa Kisumu: miezi minne ya kuangalia kuta za muvi za sai-fai

Niseme kwanza kazi yangu ndio mjue macho yangu huenda wapi. Mimi ni fundi wa mbao Kibuye, vitanda na kabati ndio unga wa kila siku, lakini msimu wa drama za shule ukifika walimu wa shule mbili tatu za huku huniita niwatengenezee mandhari ya jukwaa, ukuta wa plaiwudi, mlango wa jela, ikulu ya katoni, vitu kama hizo. Kwa hivyo nikiangalia muvi naangalia ukuta, sakafu, mlango unafunguka vipi, waigizaji wanakuja baadaye. Na muvi zenye kuta zinaongea sana ni hizi za sayansi ya kubuni, juu pale hakuna kitu kimetokea tu chenyewe, kila kikombe na kila swichi kuna mtu alikaa chini akaamua iwe hivyo.

Shida ni kwamba kwa miaka yote nimekuwa naziangalia kwa simu, na kwa simu unaona sura za watu na milipuko basi. Mwezi wa pili nikauza kitanda cha sita kwa sita nikatoa 11,500 nikanunua projekta ndogo ya LED kwa duka moja ya elektroniki hapa tauni. Boksi imeandikwa 1080p kubwa kabisa (yaani picha ya mistari 1080) na lumeni elfu kadhaa (kipimo cha mwangaza), na kijana wa duka akaniambia, "Fundi, na hii ukuta wako umekuwa sinema."

Sasa sikizeni vizuri hapa kabla mtoe pesa zenu. Hiyo 1080p maana yake ni kwamba mashine inakubali kupokea picha ya 1080p, halafu inaipunguza kufika kipimo chake chenyewe, na kipimo cha hii yangu ni 1280 kwa 720, nimekipata nimekunja karatasi ya maelezo mara nne nikasoma maandishi madogo kwa chini. Kuna zingine ni 480 tupu na boksi ni ile ile. Ulizeni "pikseli zake halisi ni ngapi" na msikubali jibu lingine. Lumeni nazo ulizeni kama ni za ANSI, zile zinapimwa kwa njia inayojulikana, hizo za boksi mtu anaweza andika anachotaka. Niliumia kidogo juu yule kijana nilimuuliza waziwazi akaniangalia machoni akasema ni 1080 kamili. Lakini sikurudisha, na nitawaambia kwa nini.

Usiku wa kwanza niliweka Alien, ile ya 1979 ya Ridley Scott. Vibaya sana! Ukuta wangu ulikuwa krimu ya kung'aa, dirisha lina pazia moja nyepesi, taa ya plot iko nje pale pale, na hii projekta haina nyeusi, nyeusi yake ni kijivu kama maji ya kuosha brashi. Muvi ile nusu yake ni giza na mvuke na paipu, mimi naona ukungu tu na watu wanapiga kelele ndani ya ukungu. Mama watoto akaenda kulala. Nikazima.

Wikendi nikafanya kazi ya mikono. Nikapiga sandipepa huo ukuta, nikapaka kijivu nyepesi isiyong'aa kabisa, kipimo cha mita 2 kwa mita 1 na robo hivi, juu kijivu inasaidia nyeusi ionekane nyeusi zaidi kuliko ukuta mweupe. Nikatengeneza kistuli cha urefu wa kutosha ndio lenzi iangalie katikati ya picha moja kwa moja, sio kuinua projekta kwa vitabu halafu unanyoosha kwa ile setingi ya remoti. Hiyo setingi ya kunyoosha pembe inakula pikseli zako, mistari inakuwa na meno, na kama unaangalia majengo mstari uliopinda ni dhambi. Nimeiweka mita 2.8 kutoka ukutani, picha inajaa upana wa mita 2. Blanketi juu ya pazia. Sauti nikaunganisha wufa juu spika yake ya ndani ni ya redio ya mfukoni.

Tukarudi na muvi ya mwanga, Gattaca ya 1997, na hapa ndio niliamua projekta inakaa. Hadithi ni ya dunia ambayo mtoto anapimwa damu akizaliwa na kazi yake inaamuliwa hapo hapo, wenye vinasaba safi wanaenda juu, wengine wanafagia. Ofisi zao ni safi na za duara, ni jengo la kweli, Marin County Civic Center kule California, kazi ya Frank Lloyd Wright. Sasa ndani ya nyumba ya yule jamaa wa kiti cha magurudumu kuna ngazi ya kuzunguka. Mimi kama fundi nimeitazama nikafikiria tu jinsi waliibeba bila nguzo nyingi, na binti yangu wa Form Four amekaa kwa mkeka na kitabu chake cha bayolojia akasema, "Baba, hiyo ngazi si ni DNA?"

Nikasimamisha muvi. Kweli kabisa. Imezunguka vile vile kwa picha ya kitabu chake. Na yule jamaa miguu haifanyi kazi, vinasaba vyake ni vya daraja la juu, na kuna mahali inabidi apande hiyo ngazi akijivuta kwa mikono, ngazi moja moja, jasho linatoka. Yaani wametengeneza mbao na chuma ikabeba hadithi yote, mtu anapanda damu yake mwenyewe. Hakuna mtu anasema chochote. Jina lenyewe la muvi limeandikwa kwa herufi nne, G, A, T, C, ambazo ndizo herufi za DNA, hiyo pia ni binti yangu aliniambia. Nimeiona hiyo muvi kwa simu mara mbili hapo awali na ngazi ilikuwa ngazi tu.

Tangu siku hiyo tunaangalia pamoja Jumamosi, na kazi yetu ni moja, tafuta kitu ambacho kimewekwa hapo ndio kiseme jambo.

Muvi za vyumba vyeupe hii mashine inazibeba vizuri sana. 2001: A Space Odyssey ya 1968 ilikaa poa, lile gurudumu la ndani ya chombo ambalo mwanaanga anakimbia mazoezi kuzunguka ukuta hadi juu. Hiyo sio kompyuta. Lilijengwa kweli Uingereza na Vickers-Armstrong, kampuni ya kutengeneza ndege, kipenyo karibu mita 12, linazunguka na taa zake na viti vyake, na mtu anabaki akikimbia pale chini wakati chumba chote kinageuka. Ukijua hivyo halafu ukaiona na upana wa mita 2 unaelewa kwa nini inakupa kizunguzungu. Na kwa macho yangu inasema kitu cha kusikitisha, binadamu amefika mbali hivyo na anakimbia mahali pamoja, huku jicho jekundu la kompyuta ya chombo limetulia ukutani linamwangalia.

Halafu Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya wetu, ya 2009, dakika ishirini na kitu tu. Tulialika majirani, watoto wakajaa hadi mlangoni. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji, wanafanya mazoezi kwa mashine ndio stima itoke, na jasho na mkojo wao vinachujwa wanywe. Vyumba ni vya kijivu hafifu, baridi, hakuna kitu cha mbao hata kimoja nilichoona. Ndio mbegu ikitokea inakushtua, rangi ya kitu hai kati ya rangi zote zilizokufa. Mama jirani, ambaye hununua maji ya mtungi kila asubuhi na ziwa unaliona kutoka kwa geti yetu, alinyamaza kabisa wakati wa yale maji kupimwa. Stima ikapotea kabla ya mwisho! Tukakaa gizani kama saa nzima, wengine wakaenda, wale walibaki wakaona ule mwisho wa mti. Hapo nitaje, mashine yenyewe imeandikwa wati 65, masaa matatu haifiki hata robo yuniti ya tokeni, kwa hivyo pawabanki kubwa ya stima au betri ya sola inaweza kuibeba. Mimi bado natafuta.

Kero ingine ya huku kwetu ni wale wadudu wa ziwa. Jioni wanafuata mwanga, wanatua kwa picha, unaona mwanaanga ana mabawa. Ukifunga dirisha joto linapanda na feni ya projekta inaanza kulia kama kinu, na muvi za anga zina kimya kingi, hiyo feni inaharibu kimya. Nimeiondolea alama kwa hilo.

Sasa Alien mara ya pili, na ukuta wa kijivu na blanketi. Tofauti kubwa. Sio kamili, kona zile za giza sana bado zinapotea, lakini niliona vitu nilikuwa sijawahi kuona maishani. Milango mingi ya hicho chombo ina alama ndogo ya mraba, hapa kuna hewa, hapa hakuna, hapa kuna nguvu ya mvutano, hadi ya kahawa. Ni mtu anaitwa Ron Cobb alichora seti nzima ya hizo alama, kama zile za barabarani, na nyingi hazielezwi popote kwenye muvi. Lakini zinafanya uamini kuna kampuni, kuna sheria, kuna mtu alilipwa kubandika. Ukiangalia vizuri nembo ya kampuni iko kila mahali, hadi kwa mikebe ya bia. Watu wanakunywa na jina la mwajiri mkononi, na baadaye unajua mwajiri huyo aliwaandika kama vitu vya kutupwa. Ilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo.

Angalia pia orofa. Juu wanaamka kwenye vitanda vyeupe vinavyofunguka kama ua, na kompyuta yenyewe wanaiita Mama. Chini kabisa ni Parker na Brett, mafundi, paipu zinavuja maji kichwani, na wao ndio wanalalamika bonasi yao ni kidogo. Fritz Lang alishafanya hivyo kwa Metropolis ya 1927, matajiri juu kwenye bustani, wafanyakazi chini ya ardhi na mashine. Fundi akiona hiyo anaelewa bila kuambiwa!

Na kitu kilinipa moyo zaidi ni vifaa. Roger Christian, aliyefanya vyumba vya Star Wars ya 1977 na baadaye hii Alien, alinunua vyuma chakavu vya ndege akavipanga ukutani, juu pesa ya kutengeneza kila kitu kipya haikuwepo. Ule upanga wa mwanga wa Luke ni mpini wa flashi ya kamera za zamani aina ya Graflex. Hiyo ni jua kali, ni vile tunafanya Kibuye, na dunia nzima ikaamini. Halafu kwa Alien kuna lile jitu limekaa kwa kiti ndani ya meli ya kigeni, Scott alivalisha watoto nguo za anga, wakiwemo wanawe wawili, ndio kiti kionekane kikubwa zaidi. Ujanja wa kipimo. Nimeshaamua mwaka huu kwa shule fulani mlango wa mfalme nautengeneza kawaida lakini askari wa mbele ni wa Form One.

Black Panther nimeisema mwishoni lakini hapa kwetu ina nafasi yake, watu wengi wanakumbuka ilivyozinduliwa Kisumu Februari 2018 juu ya Lupita Nyong'o aliyeigiza ndani. Picha yake ilikaa vizuri, rangi zina mwanga wa kutosha. Hannah Beachler alitengeneza Wakanda yote, ile nchi ya kubuni ya muvi, na mwaka 2019 akawa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya ubunifu wa mandhari. Maandishi ya Wakanda aliyatoa kwa sehemu kwenye Nsibidi, alama za kale za kusini mashariki mwa Nigeria, na zile blanketi za wapiganaji wa mpakani ni za Wabasotho wa Lesotho.

Mahali imenishinda ni Blade Runner ya 1982. Mvua, moshi, usiku, neoni. Wabunifu wake Syd Mead na Lawrence Paull walichukua majengo ya zamani wakayaongezea paipu na mitambo kwa nje, kama zile duka za zamani za Oginga Odinga Street ambazo juu bado unaona mwaka wa zamani kwenye ukuta na chini ni bango jipya la simu. Hayo niliyaona. Lakini kuna siri ndogo, macho ya watu bandia, na ya yule bundi, yanang'aa kidogo mwanga ukiyapiga, sekunde moja hivi. Ya bundi nimeyaona. Ya Rachael, mmoja wa hao watu bandia, naona kama naona, lakini siwezi apa, weusi wa hii mashine unameza.

Kwa hiyo alama 7 kwa 10. Kama chumba chako huwezi kukitia giza usinunue, ongeza pesa uchukue televisheni. Kama unaweza, chukua ya 720 halisi, usilipe zaidi ya 12,000, na rangi ya ukuta iingie kwa bajeti, yangu pamoja na sandipepa ilikula 900. Jumamosi hii naongeza blanketi la pili na karatasi nyeusi kwa ile nafasi ya juu ya mlango, halafu narudia ile sehemu ya Rachael na binti yangu akiwa ndiye shahidi.