Fundi wa picha za zamani, Makoroboi: kama babu yenu alikuwa askari, anzieni hapa

Familia nyingi za huku Kanda ya Ziwa zina picha ya mzee aliyevaa sare. Ipo ukutani au ndani ya sanduku la bati, na ukiuliza habari zake unajibiwa tu kwamba babu alikuwa polisi. Mwaka hakuna, kituo hakuna, namba hakuna. Kama na nyinyi mko hivyo, mpelekeeni picha hiyo fundi mmoja aliyeko nyuma ya Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kabla hamjaipeleka popote pengine.

Yuko ghorofani, juu ya duka la vitenge. Bango lake limeandikwa picha za pasipoti, fotokopi na laminesheni, basi. Hii kazi nyingine watu wanaelekezana kwa mdomo. Mimi nilielekezwa na mteja wangu wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nikaenda wakati wa mbalamwezi, dagaa hazivuliwi na biashara imelala. Ni kijana tu. Baba yake alikuwa mpiga picha, na yeye amejifunza kusoma sare kwa kuangalia picha za wazee wa watu mwaka hadi mwaka.

Alinawa mikono, akaifuta ikakauka, ndipo akapokea picha. Swali lake la kwanza halikuwa la bei.

"Mama, babu alikuwa polisi wa nani?"

Nikamwambia polisi wa serikali, mwanangu, kuna polisi gani wengine? Akanikalisha kwenye benchi akaanza kunieleza, na hayo maelezo peke yake yanatosha kumlipa mtu.

Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, yakahamia Dar es Salaam mwaka 1930. Lakini wazee wetu waliovaa sare hawakuwa wote wa jeshi hilo. Mwingereza alipoanza kutawala kupitia watemi, yaani machifu wa huku, chini ya Gavana Donald Cameron miaka ya 1920, watemi wa Usukuma walikuwa na askari wao, wanalipwa kutoka hazina ya utemi. Huyo nyumbani anaitwa polisi, na kazi ya polisi aliifanya kweli, ila ukimtafuta kwenye karatasi za jeshi la serikali utazeeka humkuti. Wako waliokuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wakarudi na koti la kijeshi na watoto wakakua wakisema baba alikuwa polisi. Wako wa magereza, na hao wanachanganya zaidi kwa sababu mpaka mwaka 1931 magereza yalikuwa chini ya polisi. Na kama mzee wenu ni wa zamani zaidi, huenda alikuwa askari wa Mjerumani, ambaye aliishika Mwanza mpaka Waingereza walipoiteka Julai 1916. Karatasi za huyo zimeandikwa Kijerumani. Kila mmoja kati ya hawa ana mlango wake wa kuingilia, na ukigonga mlango wa mwenzake unapoteza nauli.

Picha yetu ina askari sita, watatu wamekaa na watatu wamesimama. Ugomvi wa nyumbani ulikuwa yupi ndiye babu. Shangazi yangu wa Magu, ambaye ndiye mtunzaji wa sanduku, anasema ni huyu wa katikati waliokaa. Upande wa baba mdogo wanasema ni wa mwisho kulia, aliyesimama. Wote sita ni vijana wembamba, jua limewapiga usoni, na babu sisi tulimjua akiwa na mvi na mgongo umeinama. Suala hili lilishafika mpaka kwenye kikao cha msiba.

Pamoja na picha nilibeba medali yake, imefungwa kwenye leso. Shangazi amekuwa akiisugua kwa jivu kila inapokaribia Krismasi, kwa mapenzi, ing'ae. Fundi alipoiona aliomba isije ikaguswa tena na jivu wala Brasso. Upande mmoja kuna kichwa cha Malkia Elizabeth mwenye taji, upande wa pili rungu la polisi lililozungukwa na shada la majani. Hii ni medali ya polisi wa makoloni ya utumishi wa muda mrefu na tabia njema, na ilitolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18 kazini. Mimi miaka yote nilikuwa naangalia sura zake mbili. Yeye aliisimamisha kwa ubavu wake, akazima taa ya chumba, akaimulika na tochi ya simu kutoka pembeni kabisa, mwanga ukipita juu ya ukingo. Herufi zikainuka. Kwanza namba yake ya uaskari, halafu cheo, halafu jina la babu, limeandikwa kwa R pale ambapo sisi tunaandika L. Sehemu iliyosuguliwa sana, zilizobaki zilikuwa vivuli tu, lakini namba ilisomeka yote.

Kisha akanipigia hesabu kwenye karatasi ya risiti. Malkia alishika ufalme Februari 1952, kwa hiyo medali yenye kichwa chake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Uhuru ni Desemba 1961. Mtu aliyepewa medali katikati ya miaka hiyo, akiwa ameshatimiza miaka 18, hakuingia kazini baada ya 1943. Nyumbani tumesimuliwa maisha yetu yote kwamba babu aliandikishwa vita ya Hitler ilipokwisha. Kumbe vita inaisha 1945 yeye ni askari wa siku nyingi. Nilikaa kimya pale kwenye benchi nikimfikiria bibi, aliyekuwa akisema aliolewa na askari na hakuna aliyemwamini, kwa sababu tarehe zake hazikulingana na za wanaume.

Baada ya hapo ndipo akaiskani picha, kwa ukubwa wa dpi 1200, akaenda sare moja baada ya nyingine. Namba ile ile ya kwenye medali iko kwenye kifua cha aliyekaa katikati. Shangazi alikuwa sahihi.

Hapa lazima niseme jambo kwa uchungu. Kabla ya kumjua fundi huyu niliipeleka picha hii hii kwenye studio nyingine mjini, ambayo siitaji. Walinirudishia kitu cha rangi, kizuri kwa mbali. Kovu la babu la shavuni limeondolewa, uso umekuwa laini kama wa mtoto wa jana, na zile namba za vifuani kompyuta imezigeuza michirizi isiyosomeka. Beji yenye kichwa cha twiga, nembo ya Tanganyika ya wakati ule, imekuwa doa. Kama ningebaki na nakala yao tu, hakuna ambaye angejua tena yupi ni yupi. Jamani, picha ya askari haitaki urembo. Kovu, namba, beji na maandishi ya nyuma ndiyo mali yenyewe. Fundi wa Makoroboi anaondoa vumbi na mikunjo, mengine anayaacha, na ukimlazimisha apake rangi anakataa.

Nililipa shilingi 3,000 kwa kuskani picha, 15,000 kwa nakala kubwa, na 10,000 kwa karatasi ya maelezo. Hiyo karatasi ndiyo inayonifanya niandike haya. Ina safu mbili, yanayoonekana na yanayosimuliwa, hachanganyi. Kwamba babu alifanya kazi Bukoba ameliweka upande wa yanayosimuliwa, nilipomwomba alihamishe akaniambia mpaka nilete kitu.

Mapungufu yapo. Umeme ukikatika hana jenereta, unasubiri au unarudi kesho. Benchi ni moja na ngazi ni kali, mzee mwenye magoti usimpandishe. Na haendi kukutafutia nyaraka, anakuelekeza tu.

Maelekezo yake ni haya, kwa aliye na askari wa serikali wakati wa Mwingereza. Mwanza ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, kwa hiyo kabla ya kupanda basi la Dar anza na kituo cha Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa cha hapa hapa Mwanza, ndipo uende ofisi yao ya Upanga, Dar. Kwa sheria ya mwaka 2002 majalada yaliyopita miaka 30 yako wazi kwa wananchi. Usiende ukitegemea faili lenye jina la babu. Uliza ya vituo, wilaya na malipo ya kustaafu, ukiwa na namba mkononi na jina ukiliandika kwa kila namna, R na L. Matoleo ya Gazeti Rasmi la Serikali (Gazette) ya wakati ule yanataja maofisa wa Kizungu kwa majina, konstebo wa Kiafrika ni nadra. Wa mtemi, tafuta karatasi za utemi na wazee wa ukoo. Na aliyebatizwa asisahau vitabu vya parokia. Babu yetu ni wa Bukumbi, misheni ya Mapadri Weupe tangu 1883, na huko ndiko nitakakokwenda mbalamwezi ijayo.

Kwenye ile picha wamebaki watano. Namba za wanne zinasomeka vizuri, wa tano inasomeka nusu. Nimemwachia fundi nakala na nimemruhusu amwonyeshe yeyote. Kama babu yako alikuwa polisi Mwanza miaka ya arobaini au hamsini na medali yake ipo nyumbani, ibebe bila kuisugua, panda pale juu umwombe picha ya askari sita. Hafungui Jumapili.