Kliniki ya mishipa iliyookoa vidole vya mama, nawapa nyota 4

Jamani wenye wagonjwa wa figo someni hii. Mama yangu ana kisukari, anasafisha damu mara 3 kwa wiki. Alianza na ule mpira wa shingoni, baadae hospitali nyingine wakamtengenezea fistula kiwiko cha kushoto (sio ile ya uzazi, hii wanaunga ateri na veni ili mshipa ukue uweze kuchomwa zile sindano kubwa). Mshipa ulikua vizuri, ukigusa unatetemeka kabisa, ila vidole vikawa vya baridi kama katoka kushika barafu, vinakufa ganzi, na akiwa kwenye mashine maumivu yanazidi mpaka machozi yanamtoka. Tukiuliza tunajibiwa atazoea tu. Miezi miwili tunaambiwa hivyo mpaka kidole kidogo kikatoka kidonda kwenye ncha.

Ndo tukaja hapa. Dokta alishika mikono yote miwili akalinganisha, akatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto akayapata kwa shida, halafu akaibana ile fistula kwa kidole chake akasubiri kidogo, mama mwenyewe akasema mwanangu mbona vidole vinapata joto. Nilishindwa kujizuia nikalia palepale.

Akatuelekeza taratibu, damu inafuata njia nyepesi, kwahiyo inakimbilia kwenye ule mshipa mpana badala ya kushuka vidoleni, na mwenye kisukari mishipa yake midogo tayari imeshachoka, halafu fistula za kiwikoni ndo zinaleta hii shida zaidi kuliko za kwenye kifundo. Altrasaundi ikaonyesha hivyohivyo. Hawakuifunga, walirudi kuipunguza upana tu, jioni ile ile mkono ukawa na joto na mpaka leo anasafishia hiyohiyo. Kidonda kimekauka, ganzi imebaki kidogo kwenye kidole cha mwisho, dokta anasema neva zilikaa muda mrefu bila damu ya kutosha. Hiyo miezi miwili inaniuma sana.

Nyota moja nimekata kwasababu tulifika saa 1 asubuhi tukaonwa saa 7 mchana, mgonjwa wa figo kwenye benchi la mbao muda wote huo jamani. Na nesi wa mapokezi alitaka kumfunga kipimo cha presha mkono huohuo wa fistula, ambao haufai kufungwa hicho kipimo, tena kwenye kliniki ya mishipa! Mama aliuvuta mkono mwenyewe akampa wa kulia.