Rivyu ya ICSID, ile "mahakama" ya wawekezaji kule Washington: nyota 2 na nusu kati ya 5

Watu mnarivyu simu, bajaji za mtandaoni, mpaka chipsi mayai, basi leo na mimi narivyu huduma ambayo wote tunailipia na hakuna aliyewahi kuulizwa kama anaitaka. ICSID kwa kirefu ni Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, kipo chini ya Benki ya Dunia na mkataba wake unafanya kazi tangu 1966. Mwekezaji wa nje akiona serikali imemdhulumu haendi Kisutu wala Milimani, anaenda huko, wanakaa wasuluhishi watatu, kwa kawaida mmoja kachaguliwa na mwekezaji, mmoja na serikali, wa tatu ndo mwenyekiti, wanasikiliza wee miaka na miaka halafu wanatoa tuzo, ndo wanavyoiita hukumu yao. Serikali ikishindwa inalipa, na hela ya serikali ndo hii tunayokatwa mimi na wewe mpaka kwenye vocha.

Nianze na kizuri. Hukumu nyingi ziko mtandaoni bure, unashusha PDF unasoma kwenye daladala, na zimeandikwa kwa utulivu mno, unajua nani alimuandikia nani barua gani lini. Mambo ya nchi yetu Tanzania ambayo hapa hutaambiwa na mtu utayakuta kule yamepangwa kwa namba za aya.

Mfano City Water. Wakazi wa Dar wa miaka ile wanaikumbuka, ilikuwa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani wakiwa na mbia wa hapa nyumbani, walipewa kuendesha maji ya jiji kwa miaka 10 kuanzia Agosti 2003. Haikufika hata miaka 2. Makusanyo ya bili yalikuwa hovyo, na ukisoma hukumu unaona kabisa zabuni yenyewe waliipiga hesabu vibaya tangu mwanzo. Mpaka hapo serikali ilikuwa na haki, ilitakiwa isubiri tu notisi iishe. Ikasubiri? Mei 2005 waziri wa maji wa wakati huo, Lowassa, akatangaza mbele ya waandishi kwamba mkataba umevunjwa, halafu tarehe 1 Juni wakaingia ofisini, wakaweka uongozi mpya na mameneja wakubwa wa kizungu wakasindikizwa nje ya nchi. Wasuluhishi walivyotoa tuzo Julai 2008 wakasema ndiyo, Tanzania mmevunja mkataba wenu na Uingereza wa kulinda wawekezaji, tena kwa vipengele zaidi ya kimoja. Fidia? Sifuri. Kwa sababu ile kampuni mpaka siku inanyang'anywa ilikuwa haina thamani hata ya shilingi, sasa umfidie nini mtu. Na kwenye kesi nyingine ya pembeni, City Water yenyewe ndo iliamriwa iilipe DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Mi hapo nawapa nyota 4 bila kinyongo. Nyota ya tano nimeibana kwa sababu mashirika ya kiraia ya hapa, LHRC, TGNP na LEAT, waliruhusiwa kupeleka maoni kwa maandishi lakini wakakatazwa kuona nyaraka na kuingia kusikiliza, yaani unachangia mjadala wa maji ya bombani kwako ukiwa umesimama nje ya geti.

Wakenya nao wana zao mbili tamu sana. Ya kwanza ni World Duty Free, wale wa maduka ya viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Mwenye kampuni mwenyewe, kwa mdomo wake, akaeleza kwamba ili apate mkataba 1989 alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi, sehemu yake kesh kwenye brifkesi ya kahawia, na alipokuja kuichukua brifkesi yake wakati anaondoka akakuta hela hazimo, mna mahindi mabichi. Sitanii, imo kwenye hukumu ya 2006! Nadhani alidhani anaongeza uzito wa kesi, wasuluhishi wakamwambia mkataba uliopatikana kwa rushwa sisi hatuusikilizi, kesi imeishia hapo. Ya pili ni kampuni ya madini Cortec na mlima wa Mrima kule Kwale, walikuwa wanadai zaidi ya dola bilioni 2 baada ya leseni yao kufutwa 2013, wakashindwa 2018 kwa sababu leseni yenyewe ilitoka bila tathmini ya mazingira kwenye msitu wa hifadhi, na wakaambiwa wailipe Kenya nusu ya gharama za kesi.

Sasa bei. Aisee bei imechangamka. Kufungua tu shauri ni dola 25,000 hazirudi, msuluhishi mmoja anaruhusiwa kuchaji mpaka dola 500 kwa saa na wako watatu, na hapo hujagusa mawakili wa nje ambao ndo wanaokula hela haswa. Kwenye City Water kila upande ulibeba gharama zake, kwa hiyo "tumeshinda" kwa sifuri na bado tukatoka na bili. Mwekezaji yeye anaweza hata asitoe mfukoni, siku hizi kuna kampuni kazi yake ni kufadhili kesi za watu halafu zinagawana kitakachopatikana. Na karibu kila mara anayefungua ni mwekezaji, mwanakijiji aliyeharibiwa shamba hana dirisha lake pale.

Ila nisiwaonee wao tu, kuna mahali tunajipeleka wenyewe. 2017 tukabadili sheria ya madini, Januari 2018 kanuni zikaja zikafuta leseni zote za kuhodhi maeneo, yaani za kushikilia eneo la madini bila kuanza kuchimba, kwa mkupuo. Matokeo yake kampuni za madini zikatushtaki na tukakubali kuzilipa: Winshear dola milioni 30 mwaka 2023, Indiana milioni 90 na Montero milioni 27 mwaka 2024, jumla milioni 147 kwa miradi mitatu ambayo hakuna hata mmoja uliokuwa umeanza uzalishaji. Hiyo ya Indiana ni nikeli ya Ntaka Hill kule Nachingwea, tuzo ilikuwa milioni 109.5 kabla ya riba kuendelea kupanda, tukaomba ifutwe, baadae tukakaa mezani tukakubaliana 90 kwa awamu. Na Indiana iko kwenye soko la hisa la Australia! Ila kwa sababu ilishika mradi kupitia kampuni za Uingereza, ikaingilia mlango wa mkataba wetu na Uingereza.

Huduma baada ya mauzo iko vizuri mno, kwa mwenye kushinda lakini. Hakuna rufaa, kuna kuomba tuzo ifutwe tu kwa sababu chache sana, na kila nchi mwanachama inatakiwa iichukulie kama hukumu ya mwisho ya mahakama yake yenyewe. Kampuni ya Sweden ya mradi wa sukari Bagamoyo ilipata tuzo ya dola milioni 165 Aprili 2022, na kabla mwaka haujaisha Airbus A220 ya ATCL, shirika letu la ndege, ikashikiliwa Uholanzi. Unaona wanavyofuatilia.

Kuhusu kujitoa kwenye mfumo huu, msidhani ni kubonyeza kitufe. Sheria ya 2017 ya maliasili ilisema migogoro hiyo isikilizwe hapa hapa nchini, na mkataba wetu na Uholanzi wa kulinda wawekezaji tukauacha ukafa tarehe 1 Aprili 2019. Ukisoma kipengele cha mwisho cha ule mkataba kinasema waliowekeza kabla haujafa wanaendelea kulindwa miaka mingine 15, kwa hiyo Mholanzi aliyekuwepo wakati ule ana ruhusa ya kutupeleka mpaka 2034.