Uzoefu wangu na daraja la mbao lililomeza gurudumu langu

Kwa kawaida siandiki maoni kuhusu madaraja. Daraja ni kitu cha kupita, na anayesimama kulisifu au kulilaumu huonekana kama mtu asiye na safari. Lakini lipo daraja moja la mbao, katika njia ninayoizunguka kwa baiskeli karibu kila wiki, ambalo limenitoa katika ukimya huo, na ni afadhali nilieleze sasa goti likiwa bado na kovu, kabla hasira haijapoa nikaanza kulitetea.

Njia yangu ina madaraja manne. La kwanza ni kalavati fupi la zege juu ya mfereji, halina sura wala historia, na sijawahi kulifikiria hadi nilipoanza kuandika haya. Huo nadhani ndio ukamilifu wa daraja. La pili linavuka reli kwa ngazi, na pembeni mwa ngazi wameweka mfereji wa chuma wa kusukumia baiskeli, isipokuwa wameusogeza karibu mno na ukuta, kwa hiyo usukani hugonga ukuta na pedeli hugonga kidato, na mpandaji hufika juu akiwa amechubuka bila kupanda baiskeli hata hatua moja. La tatu ni la magari, lenye ukingo unaonifika kiunoni ninapokuwa juu ya kiti. Mtu aliye juu ya baiskeli yuko juu zaidi kuliko atembeaye kwa miguu, ndiyo maana Uingereza kwa miaka mingi wamependekeza ukingo wa mita 1.4 kwenye madaraja ya baiskeli. Upepo wa ubavuni ukivuma pale, najiona kama nguo iliyoanikwa. Hata hivyo madaraja hayo matatu nimeyasamehe, kwa sababu kasoro zake huonekana tangu mbali. La nne ndilo lililonisaliti.

Nikiri kwanza kwamba ni zuri. Linavuka mto mdogo pale unapopinda, lina nguzo za magogo na kingo za mbao zilizolainishwa na mikono ya watu, na mbao zake hutoa mlio mfupi kila gurudumu linapozigusa, mlio ambao kwa muda mrefu niliuhesabu kama salamu. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba njia nzima ina thamani kwa ajili ya daraja hilo. Ningeandika maoni haya mwaka uliotangulia, ningelipa nyota tano na kuomba radhi kwa kukosa ya sita.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya kiangazi, mapema asubuhi, nikiwa na mwendo wa kawaida wala si wa mashindano. Sakafu ya daraja hilo ina mbao zilizolazwa kwa urefu, yaani zinaelekea kule kule anakoelekea mpandaji, na kati ya ubao na ubao kuna mwanya unaoanzia mwisho mmoja wa daraja hadi mwingine. Nilikuwa nimeipita mianya hiyo mara nyingi bila shida. Asubuhi ile nilisogea kidogo kushoto ili kumpisha mama mmoja aliyekuwa akija na mwanawe, na gurudumu la mbele likaingia katika mwanya kama kisu kinavyoingia katika ala yake.

Naomba nieleze kilichotokea, kwa sababu baadaye niliambiwa kwamba nilianguka kwa uzembe. Baiskeli haibaki wima kwa sababu mpandaji ni hodari wa kukaa sawa. Hubaki wima kwa sababu kila inapoinamia upande mmoja, mpandaji huukata usukani kidogo kuelekea upande huohuo, magurudumu yakarudi chini ya uzito wake. Kazi hiyo huendelea muda wote bila mwenyewe kujua kwamba anaifanya. Gurudumu likishikwa ndani ya mfereji ulionyooka, usukani haukatiki tena, na kuanzia hapo hakuna ustadi unaosaidia. Wanaoendesha baiskeli katika miji yenye reli za tramu wanaujua mtego huu vizuri, ndiyo maana hufundishana kuvuka reli kwa kuikata, si kwa kuifuata. Mimi nilikuwa nimefungwa ndani ya reli ya mbao, juu ya daraja jembamba lisilo na nafasi ya kukata chochote. Niliangukia bega na goti, rimu ikapinda, spoku mbili zikakatika. Yule mama akasema, "Pole sana, kaka," akaniokotea kofia, na huo ndio ukawa mwisho wa huruma niliyoipata katika jambo hili zima.

Nilikaa pale ukingoni nikaupima mwanya kwa kitu pekee nilichokuwa nacho, yaani tairi lenyewe. Tairi langu lina upana wa milimita 25, na liliingia likabakiza nafasi. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba miezi michache nyuma mwanya ule ule haukuwa na upana huo. Jibu nililipata nyumbani nilipotulia: mbao husinyaa zinapokauka na huvimba zinapolowa, na hufanya hivyo katika upana wake zaidi sana kuliko katika urefu wake. Ubao wa sentimita 20 ukipoteza asilimia 5 tu ya upana huacha sentimita nzima ya uwazi pembeni yake. Aliyezipigilia mbao zile huenda alizipigilia zikiwa bado mbichi, akaacha mwanya mdogo wa kupitisha maji, akaondoka akijisifu. Kiangazi kilimalizia kazi yake.

Mpaka hapo nilikuwa na maumivu tu, sikuwa na hasira. Niliandika barua ya heshima kwa ofisi inayolitunza daraja, nikaeleza yaliyotokea, nikapendekeza la kufanya, nikashukuru. Wiki zikapita. Mvua zikaanza, zikanyesha, zikapungua, ndipo nikaitwa kukutana na msimamizi pale pale darajani. Nilienda na baiskeli ileile, rimu ikiwa mpya.

Alikuja akiwa na buti na koti la kung'aa, akachuchumaa, akajaribu kuingiza kidole gumba katika mwanya. Hakikuingia.

"Ndugu, huu ndio mwanya unaosema ulikumeza?"

Nikamwambia kwamba siku ile ulikuwa mpana zaidi, kwa sababu mbao zilikuwa zimekauka.

"Kwa hiyo daraja lilijipanua ili wewe uanguke, kisha likajibana kabla sijafika?"

Nikamjibu kwamba ndivyo hasa ilivyokuwa, na kwamba anaweza kurudi kiangazi kijacho akajionea. Akacheka. Halafu akafanya jambo ambalo bado linanijia usiku: alishika tairi langu la mbele kwa vidole viwili, kama mtu anayemwokota mjusi kwa mkia, akasema, "Tatizo si daraja. Tatizo ni tairi lako hili, jembamba kama uzi. Nunua baiskeli ya watu wazima."

Nimeendesha baiskeli kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimeanguka kwa sababu ya mawe, mbwa, mchanga na ujinga wangu mwenyewe, na kila mara nilijua wa kumlaumu. Sijawahi kuambiwa na mtu anayelipwa kutunza daraja kwamba daraja limetimiza wajibu wake na mimi ndiye niliyekuja na ukubwa usiofaa. Daraja la watembea kwa miguu la Millennium jijini London lilipofunguliwa Juni 2000, lilianza kuyumba pembeni kwa hatua za umati, likafungwa baada ya siku mbili. Wahandisi walipima, wakafunga vifaa vya kufyonza mtikisiko, wakalifungua tena mwaka 2002. Walilibadilisha daraja, maana miguu ya binadamu haingebadilika. Sisemi daraja langu lastahili wahandisi wa aina hiyo. Nasema lilistahili mtu mmoja mwenye nyundo.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi kuliko siku ya kuanguka, kwa sababu dawa iko ndani ya daraja lenyewe. Zile mbao za urefu si sakafu halisi. Ukiinama ukichungulia kutoka kandokando ya mto, utaona chini yake kuna mbao nyingine zilizokingama, kutoka ukingo hadi ukingo, zinazobeba kila kitu. Za juu ziliwekwa zamani ili kubeba njia za magurudumu ya magari madogo, siku ambazo magari yaliruhusiwa kupita. Sasa kuna nguzo mbili za chuma mlangoni na hakuna gari linaloweza kuingia. Mbao zilizokingama hazimezi tairi hata zikisinyaa kiasi gani, kwa kuwa gurudumu huukata mwanya na kuuruka badala ya kuufuata. Kwa maneno mengine, ilitosha kung'oa misumari, kuziondoa mbao za juu, na kuziba mashimo yatakayobaki. Nilimweleza msimamizi hayo yote tukiwa tumesimama juu yake. Alisikiliza huku akiangalia simu.

Kilichofanyika baada ya hapo ni kibao. Kimepigiliwa kwenye nguzo ya upande ninaotokea, nacho kinaamuru waendesha baiskeli washuke na kuzisukuma baiskeli zao. Sina ugomvi na kushuka pale penye watu wengi. Hata mimi hushuka watoto wanapokuwa wanavua samaki pale kati. Lakini kibao hicho hakizibi chochote, na misumari iliyokishikilia, kwa macho yangu, ilikuwa mingi ya kutosha kuanza ile kazi nyingine. Jijini Copenhagen mwaka 2014 walifungua Cykelslangen, daraja la baiskeli tu, linalopinda juu ya maji ya bandari, lililojengwa hasa ili wapandaji wasilazimike kubeba baiskeli zao ngazini. Kwetu sisi wa daraja la mto mdogo, ofisi imetuandalia amri ya kushuka.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: nyota sifuri, msipite, zungukeni kwa barabara kuu hata kama ni mbali. Niliandika sentensi hiyo, nikaifuta, kwa sababu si kweli kabisa. Barabara kuu ina malori, na mtu akiniuliza wapi ni afadhali aanguke, nitamwambia aangukie mbao. Pia ningekuwa mwongo nisiposema kwamba mvua ikinyesha daraja lina kosa la pili lililo kinyume na la kwanza: mianya hujifunga, lakini ukungu wa kijani huota juu ya mbao na tairi huteleza kama kwenye sabuni. Mahali pengine hupigilia wavu wa waya au hupaka gundi yenye changarawe ili tairi lishike. Hapa wamepaka rangi kingo tu. Kiangazi linameza, masika linaangusha; nikijumlisha hayo narudi kwenye sifuri, na safari hii bila kufuta.

Isipokuwa kuna siku chache, na afadhali niziseme kwa kuwa zinanikera kuliko zote. Mvua zinapokatika, jua likakausha ukungu kabla halijafika ndani ya mbao, mianya huwa bado imebana na juu pamekauka. Wiki iliyopita nilifika pale katika hali hiyo. Sikumwona mtu, nikakipita kibao bila kushuka. Mbao zilikuwa zimevimba zikashikana kama ubao mmoja, tairi langu jembamba likapita juu yake bila kuyumba, ule mlio mfupi ukanisindikiza hadi ng'ambo, na mto ulikuwa umejaa, una rangi ya chai. Nilisimama upande wa pili nikageuka kulitazama. Lilikuwa daraja zuri kuliko yote ninayoyajua, halina kosa hata moja, na kama msimamizi angekuwa pale angechuchumaa, angeingiza kidole chake, na angekuwa amesema kweli.